Sauti Yangu Katika Mbio Zake

Kwa miaka kadhaa mimi na rafiki yangu tulikuwa na mchezo ambao watu wa nyumbani hawakuuelewa. Yeye alicheza gemu kwenye televisheni, mimi nilikaa pembeni nikieleza. Shabaha ilikuwa kulimaliza upesi kuliko mtu mwingine yeyote: kutafuta njia za mkato, kupenya kuta, kupita mahali ambapo waliolitengeneza hawakudhani mtu angepita. Watu wa namna hiyo ni wengi duniani, na wana mikutano yao mtandaoni. Huyu akimaliza gemu lake mwingine anapokea, siku nzima, huku watazamaji wakichangia wagonjwa au watoto wenye shida. Wanaiita marathoni. Zamani tulitazama za Wazungu tu. Siku hizi zimeongezeka. Kuna za Nairobi, za Dar es Salaam, hata wanachuo wa Mbeya wameanzisha ya kwao.

Yeye alikuwa fundi simu Mfaranyaki, hapa Songea. Mimi nafundisha chekechea, na nakaa Bombambili. Tulisoma pamoja tangu shule ya msingi. Jioni akishafunga kibanda nilipitia kwao, mama yake ananipa kigoda, tunaanza. Gemu lake lilikuwa la mtu anayetoroka katika mji uliofurika maji. Kulikuwa na daraja moja ambalo ukiruka kutoka kwenye ukingo wake kwa pembe fulani, unapenya ukuta na kutokea upande wa pili wa mji. Pembe ile tuliitafuta msimu mzima wa mvua. Yeye mikono, mimi macho. Namwambia, "Umewahi mno," au, "Umeegemea kushoto," naye anarudia bila kununa.

Basi marathoni moja ya Dar ikatukubali. Yeye angecheza, mimi ningewaeleza watazamaji laivu. Nilifurahi mpaka nikawatangazia walimu wenzangu, ambao waliniuliza kama na watu wazima siku hizi wanacheza gemu.

Siku chache kabla, rafiki yangu akaniambia nisiende kwao.

"Wewe kaa kwako Bombambili," alisema. "Mtandao wa huku unasuasua. Tukiwa wawili tutauelemea."

"Sasa mikono yako nitaionaje?"

"Utafuata kwenye skrini. Wewe unalijua gemu hili kuliko mimi."

Nikakubali. Maneno yale ya mwisho yalinilewesha kidogo.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Niliazima laptop ya mwalimu mwenzangu, nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu kubwa, na pembeni nikaweka kitochi changu, simu ndogo ya kupigia. Mtangazaji, kijana mchangamfu wa Dar, akawakaribisha watu kisha akasema, "Sasa tunakwenda Songea." Rafiki yangu aliomba asiongee, apate utulivu. Kwa hiyo sauti ilikuwa yangu peke yangu. Nikaeleza mapaa, mitaro, milango ya uongo. Nikasema mikono ile naijua, nimeiona ikijifunza.

Alipolikaribia daraja, umeme ukakatika chumbani kwangu. Feni ikazunguka polepole, ikasimama. Laptop ilikuwa na chaji, nikaendelea. Mara nyingi kwetu unakatika na kwao upo. Akaruka mara moja tu, akapenya ukuta. Sijawahi kumwona akiruka safi vile. Mtangazaji akapiga makofi.

Kitochi kikaita. Alikuwa mama yake. Niliogopa kuna tatizo, nikazima kipaza sauti na kupokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nauliza tu, mtamsubiri mwenzako? Maana huku umeme umekatika."

"Na huko pia?"

"Wanasema mji mzima. Nimemwambia akupigie, anasema hakuna haja. Nikaona si vizuri watu wakae wanamngoja."

"Yuko wapi sasa hivi, mama?"

"Si huyu hapa uani, ananisaidia kupukuchua mahindi."

Nilitazama skrini. Yule mtu wa gemu alikuwa anakimbia juu ya mapaa kama kawaida. Mashine ya gemu ya rafiki yangu haina betri. Bila umeme wa ukutani haiwaki. Nikamshukuru mama, nikakata.

"Dada, tumekupoteza?" mtangazaji aliita. "Tueleze hapa anafanya nini."

Nikawasha kipaza sauti.

"Sijui," nilisema. "Songea hakuna umeme. Mchezaji yuko kwao uani, hachezi. Hiki tunachotazama kilirekodiwa, na mimi sikuambiwa."

Baada ya muda wakaondoa picha ile na kumwita mchezaji mwingine.

Nilichukua bodaboda hadi Mfaranyaki. Mama yake alikuwa ameshatoka kwenda kusali jumuiya. Rafiki yangu alikaa peke yake kati ya magunzi, simu mkononi. Alikuwa ameshajua.

"Ungenyamaza tu mpaka liishe," alisema.

Akanieleza bila kunitazama. Alirekodi vipande vipande akaviunga, kwa sababu lile daraja lilimshinda kila alipojaribu gemu zima. Kisha akamtumia rafiki yake wa Dar, ndiye aliyewarushia wenye marathoni kana kwamba picha inatoka Songea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa kueleza."

"Ungetafuta mtu mwingine."

"Mwingine wangemtilia shaka. Wewe ukisema kitu, watu wanaamini."

Alilisema hilo kama ananisifu, na hapo ndipo nilipoumia. Kushindwa na daraja ningeelewa. Hata aibu ya kukiri kwamba limemshinda. Lakini alikuwa amenipanga mimi kama alivyopanga vile vipande vyake. Habari ya mtandao kusuasua, ile sifa kwamba nalijua gemu kuliko yeye, vyote vilikuwa vya kuniweka mbali na mikono yake na karibu na kipaza sauti. Nikaondoka bila kuaga.

Vijana wa banda la gemu la mtaani kwao walisema nimemchoma mwenzangu mbele za watu. Wenye marathoni waliniandikia kwa heshima wakiniomba nieleze kwa mchezaji mwingine, nikasema bado. Matangazo ya marathoni mpya yanaendelea kuingia kwenye simu yangu, karibu kila mwezi. Nyingine natazama, lakini nazima sauti.

Juzi nilikutana na mama yake sokoni. Nikamwamkia, akanishika mkono asiuachie.

"Mbona umetutupa?" aliuliza.

"Kazi tu, mama."

Nadhani hajui kwamba ni simu yake iliyonifumbua macho, na sikuona sababu ya kumbebesha hilo. Akatoa mahindi mabichi kwenye kikapu chake, akanitilia kwenye mfuko wangu wa sokoni, akasema nisikawie kwenda kuwaona. Sijaenda.