Maziwa ya Mguuni

Mgongo wangu ulishaniandikia barua ya kuacha kazi siku nyingi, shida ni kwamba mimi kusoma nabahatisha. Kwa hiyo bado tupo wote, mimi na yeye, hapa gereji Ngarenaro, tunanyanyua vitu ambavyo hata winchi ingeomba likizo kwanza. Siku shemeji alipoleta ile mashine ya boti kwenye mkokoteni, mgongo ulianza kulalamika kabla sijaigusa.

Shemeji huyu amemwoa dada yangu mkubwa, yule aliyenilea mama alipofariki. Ni mtu wa huku magharibi ya Meru, kwao ni ng'ombe na mahindi, na maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya kwenye ndoo. Uzeeni, sijui nani alimroga, akaenda kutembea bwawa la Nyumba ya Mungu, akapanda boti mara moja, akarudi ameshapenda. Akatafuta boti yake na mashine kuukuu, akawa anawazungukia wavuvi wa mitumbwi, anakusanya samaki na kuwaleta mwaloni, pale ufukweni wanapouzwa. Ile mashine nadhani Nabii Nuhu aliikataa kwenye safina, akasema inavuta sana moshi.

Dada ananunua maziwa ya wafugaji na kuyauza kule Kimandolu. Hiyo boti hajawahi kuipenda. Halafu ikamzimikia mume wake katikati ya bwawa, upepo ukamsukuma mpaka kwenye matete, akaja kuokotwa asubuhi anatetemeka, na kikohozi cha kutikisa mabati ya nyumba tatu. Dada akasema imetosha. Wakakubaliana mbele yangu, mimi shahidi nisiyeombwa, kwamba mashine iletwe kwangu. Ikipona, mzee anarudi bwawani na dada hatasema neno tena. Ikifa, boti inauzwa na yeye anarudi nyumbani kukata majani ya ng'ombe.

Yaani ndoa ya watu ikawekwa kwenye meza yangu ya kazi, katikati ya spana.

Kwenye simu shemeji alikuwa ameniambia kitu kimoja tu, kwamba oili imekuwa maziwa. Mimi na uchovu wangu nikasikia mambo ya ziwa, nikampa pole kwa mafuriko. Alipokuja alikuwa na ushahidi kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kitu kizito, cheupe, rangi ya ile chai ya hotelini ambayo majani yameonyeshwa tu sufuria kwa mbali.

Fundi mwenzangu ni Mchaga wa malori, amefungua injini nyingi kuliko milango. Aliitazama ile chupa mara moja akatoa hukumu. Maji yameingia kwenye oili, basi ni gasketi ya silinda hedi. Na mimi nikaitikia kama kwaya. Huku kwetu, bwana, sisi ni watu wa malori na pikipiki. Oili ikiwa nyeupe dawa ni moja, unapasua kichwa.

Tukapasua. Zile bolti zilikuwa zimeshikana na kutu kama ndugu wanaogombea shamba, hakuna anayetaka kuachia. Tulizipiga, tukazibembeleza, moja nadhani niliiombea. Jasho lililonitoka lingetosha kumwagilia vitunguu. Kichwa kilipotoka tukachungulia ndani. Safi kama kikombe cha kanisani. Gasketi imekaa vizuri, haina hata alama. 

Shemeji alikuwa amekaa juu ya tairi, anakunywa chai yake taratibu. Ndipo akauliza, kwa adabu sana, kwa nini tunafungua huko juu wakati ile oili aliitoa chini.

"Chini wapi?" mwenzangu akamuuliza.

"Mguuni. Kwenye gia, pale karibu na propela. Huko juu haina oili yake, tunachanganya na petroli."

"Sasa mzee wangu, muda wote huu umekaa tu unatuangalia?"

"Niliwaona mna uhakika sana. Nikaona haya kuwakatisha."

Mgonjwa wa mguu, tumempasua kichwa. Mwenzangu akasema anatoka kidogo kununua sigara, na huyo mtu havuti.

Nilikuwa bado naokota bolti chini wakati dada alipoingia na kidumu chake cha maziwa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanivuta nyuma ya gari bovu lililokufa pale tangu enzi za mababu. Akaniuliza kama inapona. Nikasema sijui, bado natafuta. Akaangalia chini.

"Mdogo wangu, mwambie tu imekufa. Wewe atakuamini."

Nikajifanya nahesabu bolti mkononi.

"Sijawahi kukuomba kitu," akasema.

Ni kweli, hajawahi. Huyu ndiye aliyekuwa ananifunga kamba za viatu nikiwa na meno mawili. Nikamwambia ngoja niangalie kwanza. Akaondoka, mimi nikabaki nimesimama pale nimechoka mpaka kope. Nikaanza kuiombea mashine ife yenyewe, isinitie majaribuni. Lakini mashine nayo ina kiburi chake. Ukitaka ipone inakufa, ukitaka ife inakaza roho.

Nikafungua nati mbili za oili pale mguuni, ya juu na ya chini, nikamwaga yale maziwa yaliyobaki, nikakaza nati ya chini. Kwenye tundu la juu nikachomeka mpira wa pampu ya baiskeli. Halafu nikaazima beseni la jirani yetu wa pancha, nikauzamisha mguu ndani ya maji na kupiga upepo, kama unavyotafuta tundu kwenye tyubu. Haikuchukua muda. Nyuma ya propela mapovu yakaanza kupanda moja moja, kama mtoto anayecheka kwenye maji ya kuoga.

Nikatoa propela. Nyuma yake kwenye shafti kulikuwa na uzi wa nyavu umejizungusha, umekaza na kuyeyuka mpaka umekuwa pete ngumu ya plastiki. Ule uzi ulikuwa umeikata sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke na maji yasiingie. Ukafungua njia, na siku ile bwawani ukaikaba shafti mpaka mashine ikazima. Kila shemeji anapozungukia mitumbwi, anapita juu ya nyavu za watu na kubeba kipande, na bwawa likawa linaingia kwenye gia kidogo kidogo kama mgeni asiyebisha hodi.

Sili ya mashine ya boti, Arusha nzima, ni afadhali utafute nyangumi. Nilitembea maduka ya bearing mpaka viatu vikaniuliza kama tumehama. Mwishowe muuzaji mmoja akaipima akanipa ya powatila, ile trekta ndogo ya kushika kwa mikono, saizi ile ile. Shafti nayo ilikuwa imeshakwanguliwa mfereji na ule uzi, kwa hiyo nikaikalisha sili mpya kidogo kwa nje, mdomo wake ukamate chuma kizima. Nikatia oili kwa tundu la chini mpaka ikatokea la juu, maana ukiijaza kutoka juu inabeba hewa tumboni. Mwenzangu akarudisha kichwa, kimya, kama mtu anayerudisha kuku wa jirani. Tukaiwasha ndani ya pipa la maji. Ikanguruma, ikatoa moshi wa kufukuza nyuki wote wa Meru. Nikasema ilale, kesho tutafungua nati ya chini. Kama maji bado yanaingia yatakuwa yametuama huko, au oili itatoka nyeupe.

Kesho yake wakaja wote wawili. Shemeji amevaa koti la kusafiri, dada amebeba kidumu. Nikaanza kulegeza nati. Nilikuwa bado sijaamua nitasema nini. Tone la kwanza likaanguka kwenye kopo, halafu la pili. Humo kivulini sikuona vizuri, au labda sikutaka kuona.

"Lete hapa," dada akasema.

Akachovya kidole, akaweka tone juu ya ukucha wa dole gumba, akaliinua kwenye jua. Hivyo ndivyo anavyopima maziwa ya watu kila asubuhi. Yakitiririka yametiwa maji, anakurudishia na kidumu chako na hasikilizi maelezo. Amewarudisha wachungaji, amemrudisha hata shangazi yetu. Tone likakaa juu ya ukucha, limeumuka, la rangi ya asali. Akalitazama muda mrefu. Shemeji hakukohoa hata, na kukohoa ndiyo ilikuwa kazi yake wiki ile.

"Haina maji," dada akasema, akajifuta kidole kwenye kanga.

Nikakaa chini juu ya tairi. Nilikuwa nimechoka, jamani, kama ng'ombe aliyelima mpaka Babati.

Dada hakunitazama. Akaokota ile pete ya uzi mezani, akaigeuza, akamuuliza mume wake kama ndiyo hii. Shemeji akasema ndiyo hii.

"Basi kila jioni utaitoa hiyo propela uangalie nyuma yake. Unapiga picha, unanitumia."

"Kila jioni, mama?"

"Kila jioni. Siku isipokuja, nakuja mwenyewe, na mimi boti siijui, nitakuja kwa miguu ndani ya maji."

Neno hajasema tena, kama walivyokubaliana. Ila simu yake sasa imejaa picha za shafti, hakuna nafasi hata ya wajukuu. Nyingine ananirushia mimi niangalie kama kuna uzi. Uzi hakuna. Juzi nilikuwa Kimandolu, nikamkuta ameikuza picha moja kwa vidole viwili, nikamwambia dada, shafti iko huku upande wa kushoto. Akasema anajua. Alikuwa anaangalia miguu ya mzee iliyotokea pembeni kwenye picha, kama amevaa soksi.