Cheti cha Siku Tatu

Serikali ilinilipia siku tatu. Nalisema hili mapema nisije nikajificha nyuma ya maneno mengine. Ilikuwa miaka michache tu tangu elimu ya msingi ifanywe ya bure, nami nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika sekondari moja ya kutwa kule mtaa wa Satellite. Cheo hicho nilikipata kwa sababu aliyekuwa nacho alihamishwa, na mimi sikuwepo kwenye mkutano ili nikikatae.

Mafunzo yalihusu jinsi ya kuwazuia wanafunzi wasijiue. Barua ya mwaliko haikuthubutu kulitaja neno hilo, ilisema "changamoto za vijana". Siku hizo hata kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, na wengi wetu tuliliona kuwa jambo la kuombewa, si la kusomewa. Barua ilisisitiza kwamba fedha za umma ni chache, kwa hiyo kila shule imtume mwalimu mmoja tu, naye akirudi awafundishe wenzake.

Basi nikaenda Kilimani. Ukumbi wa kukodi, chai na sambusa saa nne, kuku mchana, mkoba wenye daftari na kalamu, nauli, na marupurupu juu yake. Sijawahi kula kodi ya wananchi kwa raha namna ile. Siku ya pili karatasi ya mahudhurio ilipitishwa kabla ya chakula, na marupurupu yakatolewa papo hapo. Kikao cha alasiri kilikuwa cha namna ya kuzungumza na mwanafunzi. Nikajiambia nimezungumza na wanafunzi miaka kumi na miwili, nitafundishwa nini tena?

"Mimi nimeshasaini," nikamnong'oneza mwalimu niliyeketi naye. "Naenda kusukwa."

"Enda tu, Madam. Nitakuandikia."

Kenyatta Market haikuwa mbali. Nilisukwa mpaka jioni, moshi wa nyama choma ukiniingia kichwani, nikijiona mjanja kuliko wote walioachwa ukumbini. Siku ya tatu nikapewa cheti. Yule mwenzangu alinipa nakala ya aliyoyaandika, nikaitia mkobani bila kuisoma. Walimu wa shule yangu sikuwafundisha lolote, kulikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Muhula uliofuata, msichana mmoja wa kidato cha tatu alibisha mlangoni kwangu wakati wa mapumziko. Alikuwa hodari wa hesabu, ila siku hizo hakuwa anakula na wenzake.

"Madam, nilikuwa tu nataka kuongea."

Nikamwambia aketi. Akaketi, akaanza kukunjakunja pindo la sweta yake. Nilihisi kuna kitu, hilo sitalikana kamwe. Neno lenyewe lilinifika ulimini, nikaogopa kwamba nikilitamka nitampa wazo ambalo hakuwa nalo. Nikamuuliza kama nyumbani kuko sawa. Akasema kuko sawa. Nikamuuliza kama ni mambo ya mvulana. Akatabasamu kidogo, kwa adabu tu. Kengele ikalia.

"Haya, rudi class," nikamwambia. "Omba Mungu, utakuwa tu sawa."

"Asante, Madam."

Jumatatu tuliambiwa amejiua.

Mwalimu mkuu aliandika barua kwa ofisi ya elimu mjini, akiomba wafanyakazi wote wa shule wafunzwe, mpishi na bawabu wakiwemo, maana watoto huongea na anayewapakulia chakula kuliko wanavyoongea na sisi. Mimi ndiye niliyetumwa kuipeleka. Karani aliisoma, akafungua faili, akanirudishia.

"Shule yenu ilishahudumiwa. Kuna mwalimu alifunzwa, jina lake si hili hapa?"

Lilikuwa langu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipofika nyumbani niliitoa ile nakala mkobani nikaisoma kwa mara ya kwanza. Mwenzangu alikuwa ameandika kwa mkono mzuri: muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na akisema ndiyo usimwache peke yake. Nililia kwa hasira, na hakuna mwingine niliyemkasirikia ila mimi.

Wiki mbili baada ya mazishi, mama yake alikuja kurudisha vitabu vya shule. Kanuni zetu ndizo hizo, vitabu lazima virudi, na hakuna kati yetu aliyekuwa na akili ya kumwambia abaki navyo. Alikuwa amevifunika upya kwa magazeti. Mwalimu mkuu akamleta kwangu, akamwambia mimi ndiye niliyefunzwa mambo hayo. Mama akanishika mkono. Alikuwa na binti mwingine, wa darasa la nane, ambaye tangu mazishi haongei.

"Mwalimu, mlifunzwa kuwaambia nini? Mimi huyu naogopa hata kumuuliza."

Nikamwambia amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwamba swali halimtii mtoto wazo hilo, na akisema ndiyo asimwache hata kidogo, anitafute siku hiyo hiyo twende naye hospitali.

"Na wangu ulimuuliza hivyo?"

"La, mama. Sikumuuliza. Siku tuliyofunzwa hilo, mimi nilitoroka."

Akautoa mkono wake. Akavipanga vitabu mezani kimoja kimoja, akavinyoosha pembe mpaka vyote vikakaa sawa. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Hebu rudia hiyo swali pole pole. Nataka niishike."