Figo Moja na Mtoto Tumboni

Maumivu yalinikuta nikipalilia pamba shambani kwetu, nje kidogo ya Bunda, mimba ikiwa ya miezi saba. Yalianzia mgongoni upande wa kulia, yakashuka hadi kwenye nyonga. Nilidhani ni uchungu. Nilikuwa nimeshapoteza mimba moja, kwa hiyo nililala palepale kwenye matuta, nikashika tumbo na kumwita mume wangu kwa kelele.

Hospitalini Bunda walinipima mkojo, wakakuta damu. Nikapigwa ultrasaundi. Mtoto alikuwa mzima, moyo unadunda. Lakini mpimaji alipohamia kwenye figo, alirudisha kifaa palepale mara tatu.

"Figo ya kulia imevimba," alisema. "Inaweza kuwa jiwe. Au ni mimba tu, maana ikikua inabanaga mrija wa mkojo. Jiwe lenyewe silioni."

"Kwa hiyo analo au hana?" mume wangu aliuliza.

"Kwa kweli sijui, kaka. Nendeni Musoma."

Njiani mume wangu alimpigia kaka yake, ambaye aliwahi kuumwa hivyohivyo. Shemeji alikuwa amepigwa CT scan Mwanza na jiwe likaonekana mara moja. "Msipoteze muda na hizo mashine ndogo," nilimsikia akisema. Nilijipinda kwenye kiti. Nilitaka hiyo mashine kubwa, na papo hapo niliiogopa bila kujua kwa nini.

Daktari wa Musoma alikuwa mama wa makamo. Mume wangu hakungoja hata salamu ziishe. "Daktari, tuandikie CT."

"Kwa mawe, CT inaonaga kuliko zote," alijibu. "Eksirei inaonyesha baadhi tu. Ila zote mbili zinatumia mionzi, na mtoto yuko hapohapo tunapotaka kupiga. Ultrasaundi haina mionzi. Tunaanza nayo hata kama haioni vizuri sana."

"Na isipoona tena?" nilimuuliza.

"Figo ikiwa hatarini, tutazungumza habari ya mionzi kidogo. Bado hatujafika huko, mama."

Hiyo "bado" ilinikaa kifuani. Mtoto alipiga teke, kisha akatulia, nami nikaanza kungoja teke lingine kama vile uhai wake wote uko hapo.

Daktari aliniambia ninywe maji hadi kibofu kijae. Nilikunywa chupa mbili. Safari hii alipima chini kabisa, juu ya kinena, akitazama mkojo unavyoingia kwenye kibofu. Wa figo ya kushoto uliingia kwa nguvu. Wa kulia ulichuruzika tu. Akasogeza kile kifaa taratibu, akasimama, akanigeuzia skrini. Palikuwa na kidoa cheupe na nyuma yake kivuli cheusi.

"Hili hapa. Limekwama karibu na mlango wa kibofu. Kwa udogo huu, linaweza kutoka lenyewe."

Mume wangu alikaa chini. Mimi nililia.

Nililazwa, nikapewa dawa za maumivu, nikaambiwa nichuje mkojo kwa kitambaa safi. Kila nilipokichungulia na kukikuta kitupu, nilianza kuifikiria ile mionzi. Hatimaye nikakuta kipunje cha kahawia, kidogo kama mtama. Mume wangu alikitazama kwa hasira, akasema, "Hiki?"

Binti yetu alizaliwa salama Butiama, kwa mama yangu. Baadaye nilipimwa tena na uvimbe ulikuwa umekwisha. Hata hivyo, mgongo ukinibana kidogo tu wakati wa kupalilia, naacha jembe na kwenda kunywa maji.