Chupa ya Kijani ya Ayeeyo

Ilianza Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mvuke wa iliki ukipanda jikoni polepole kama usingizi. Nilikuwa nimejaza chupa mbili za chai. Nyekundu ni ya watu wote, sukari imechemshwa humo humo sufuriani, maana kwetu Garissa mgeni haulizwi anataka vijiko vingapi. Ya kijani ni ya Ayeeyo, nyanya yangu: maziwa kidogo, mdalasini mwingi, sukari hakuna. Na bajia zake za dengu, mbili tu, kisha azunguke ua mpaka zizi la mbuzi na kurudi. Kwa mpango huo, sukari yake ya damu ilikuwa imetulia wiki tatu. Nesi alisema ikitulia hadi Jumatatu, hataanzishiwa sindano. Ayeeyo anaogopa sindano kuliko fisi.

Wakaja wageni wawili, marafiki zake wa utotoni kutoka Hulugho. Mimi mbele ya wageni ulimi hukauka. Niliweka chupa zote na sinia ya sambusa na kachori mkekani, nikakimbilia nyuma ya pazia. Hapo ndipo nilipokosea. Sikusema chupa ipi ni ya nani, nikidhani Ayeeyo atasema. Hakusema. Kumbe hajawahi kuwaambia kwamba ana ugonjwa wa sukari.

Mgeni mmoja, yule mnene, akammiminia ile nyekundu. Ayeeyo akanywa, akafumba macho. Uso ukalainika, ukawa wa msichana anayesikia kengele za ngamia kwa mbali. Naandika ukweli: nilitamani abaki huko huko. Kikombe kikaisha. Kikamiminwa cha pili.

Sijui miguu ilinitoaje. Nilijikuta nimeshika kikombe kikiwa mkononi mwake.

"Ayeeyo, hii si yako. Yako ni ya kijani."

"Naa, wewe msichana!" mgeni mnene akashtuka. "Mtu mzima ananyang'anywa chai? Ndiyo mnayofundishwa shuleni?"

"Huyu hata salamu haimtoki," Ayeeyo akasema, macho kwenye mkeka. "Leo amepata mdomo." Halafu, kwa sauti ndogo: "Nina sukari, dada zangu."

Mgeni wa pili, mwembamba, akanisogezea kikombe chake. "Nimiminie na mimi hiyo ya kijani. Huu mwaka wangu wa nne na sukari, na kila nyumba wananinywesha asali. Nitasemaje?"

Wakacheka, mnene akapaliwa na kachori. Ayeeyo hakucheka. Walipoondoka alizunguka ua mara sita bila kuniita, kivuli chake kirefu kikipita juu ya mbuzi.

Asubuhi alininyooshea kidole nimtoboe kumpima sukari, kabla sijamwomba. Namba ilikuwa imepanda kidogo, lakini haikuvuka ile aliyotuandikia nesi. Hakunishukuru, wala sikungoja anishukuru. Nilichemsha sufuria moja tu, bila sukari, nikajaza chupa zote mbili, nikaweka bakuli la sukari na kijiko katikati ya mkeka.