Mkono Shavuni

Uso haunisumbui. Nikishauwekea taa mahali pake, uso hujisema wenyewe. Kinachonitoa jasho studioni kwangu, hapa mjini Machakos, ni mikono. Mtu anakuja na suti yake apigwe picha ya ofisi, na mara tu anapoketi mbele ya kamera mikono inageuka mizigo. Huyu anaificha mfukoni, yule anaikunja kifuani kama bawabu wa benki. Nimeshawaambia wateja wengi kwamba kamera haiumi, lakini hakuna anayeniamini.

Mdogo wangu alipofungua ofisi ya bima, alitaka picha ya kutundika mlangoni. Alikuja na mumewe, mhasibu mwenye digrii na maoni juu ya kila kitu. Siku hiyo nilifunga studio kwa wateja wengine. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni mama alipokuwa shambani, na sasa alikuwa bosi. Nilijivuna, nakubali.

Sisi ni weusi hasa. Wapiga picha wengi hapa humrushia mtu mweusi flashi usoni hadi anatoka rangi ya majivu, kisha wanampausha kwenye kompyuta na kumwambia amependeza. Mimi sifanyi upuzi huo. Niliweka taa kubwa yenye mwavuli ubavuni mwake, juu kidogo ya macho, na upande wa pili nikasimamisha kipande cha silingibodi nyeupe ili kirudishe mwanga shavuni. Koti lilikuwa la mtumba na lilimpwaya, kwa hiyo nililibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Kwa mbele alikuwa mkurugenzi mtupu.

Ikabaki mikono. Tulijaribu kila namna. Mwishowe nilimketisha mezani, kiwiko juu ya meza, nikamwambia aegemeze shavu kwenye vidole na anitazame kama mteja aliyeuliza swali la kijinga. Alicheka. Kicheko kilipokuwa kinakwisha, nikapiga.

Mumewe aliinama kwenye kompyuta akazipitia zote, kisha akagusa kioo. "Hii," akasema. "Hii ndio iko na akili. Kwa hizo zingine anakaa kama receptionist." Akaenda mwenyewe kuichapisha bango, wakalitundika juu ya ngazi za ofisi.

Aliyelelewa kwetu ameshaona balaa. Ukambani mtoto akishika shavu, mkono huo unapigwa kofi uanguke. Kushika tama ni kwa aliyefiwa. Asiyefiwa akishika, anakiita kifo. Kofi hilo tulilipata sote watatu, mimi, mdogo wangu na mhasibu wetu, aliyezaliwa upande wa Wamunyu kwenye boma lenye mila kuliko letu. Hakuna aliyelikumbuka. Ofisini mkono shavuni ni busara, na siku hiyo sote tulikuwa watu wa ofisi.

Aliyekumbuka ni mama mkwe. Alikuwa amekuja mjini kupimwa macho, akapanda zile ngazi kumsalimia mke wa mwanawe, akakutana na bango.

"Aiya! Unalilia nani?"

"Mwaitu, mama, hiyo ni ya biashara tu."

"Biashara gani hiyo ya matanga? Toa hiyo kitu."

Mdogo wangu aliahidi kulitoa. Hakulitoa, kwa sababu wateja walilipenda.

Kabla mvua hazijaanza, kitinda mimba wa lile boma la Wamunyu, mdogo wake mhasibu aliyefanya kazi Athi River, aligongwa na lori akivuka Mombasa Road. Lori lilikuwa na dereva na breki mbovu. Lakini baada ya mazishi, ukoo ulipoketi, hakuna aliyeuliza habari za breki. Waliuliza habari za picha.

Mama yule simlaumu. Amemzika mwanawe wa mwisho, na uchungu wa namna hiyo hutafuta pa kuangukia. Ninayemlaumu ni mwanawe mhasibu. Mjomba wao aliuliza ni nani aliyeuweka ule mkono pale, na bwana mwenye digrii akajibu, "Ni sister yake. Mimi nilipata picha ishapigwa."

Haya niliyasikia kwa mdogo wangu. Alikuja studioni na hakutaka kuketi.

"Wamesema nirudi kwetu. Watoto wabaki."

"Kwa sababu ya picha?"

"Kuja useme ni wewe. Sema nilikataa ukanilazimisha. Ukisema hivyo nitarudi kwa watoto wangu."

"Na bwanako? Si yeye ndiye alichagua?"

"Dada, huyo hawezi sema. Unamjua."

"Na ukweli je?"

"Ukweli hautanirudishia watoto."

Jumamosi nilienda Wamunyu na sukari, unga na mafuta ya kupikia, nikasimama mbele ya ukoo wao na kusema uongo wote kama nilivyoagizwa. Nilisema mdogo wangu alikataa. Nilisema nilimshika mkono kwa nguvu nikauweka shavuni. Niliomba msamaha kwa kifo kilichofanywa na lori. Mzee wa kanisa akataka kamera iletwe iombewe. Nikamwambia iko kwa fundi. Basi wakaniombea mimi, na aliyeitikia amina kwa sauti kuu kuliko wote alikuwa mhasibu.

Baadaye alinifuata na kunipa mkono. "Asante, sister. Umetuokoa." Jua lilimpiga ubavuni, mwanga mzuri kabisa, na sikuona hata upande mmoja wa uso ule ambao ningependa kuupiga picha. Nilimchukia pale pale, na bado namchukia.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka na watoto wake wawili, mmoja amemlalia mapajani. Kwetu mgeni husindikizwa hadi barabarani, hata kama mmegombana, na mazungumzo ya kweli hufanyika huko njiani. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya huko. Nilitaka kumwambia kwamba sina kinyongo, kwamba ningesema uongo mara mia ili alale na wanawe. Nikaaga. Nikainama kufunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga tena.

Mama mkwe alimtazama mdogo wangu. Mhasibu alimtazama. Naye hakuinuka.

"Safari njema," akaniambia, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaagia waombolezaji wengine waliokuja na sukari yao.

Nilijifungulia lango mwenyewe. Alikuwa amerudi kwake kwelikweli.