Kidole Kimoja Kabla ya Sakafu

Kiti cha plastiki cha Hafidha kilikuwa na mdomo kuliko mwenyewe. Kila Najim, mumewe, alipomswalisha sebuleni kwao Sombetini, yeye mbele akisujudu barabara, Hafidha nyuma aliinama akiwa ameketi, na kiti kikalia kwii. Alikichukia kiti kile! Miaka ya kuinamia cherehani akishona sare za shule ilikuwa imemmaliza mgongo na magoti, lakini maumivu angeyavumilia. Alitaka paji la uso wake liguse tena mkeka. Basi.

Dawa alikunywa, akachuliwa, wapi. Ndipo mteja wake Nashipae, binti wa Kimaasai aliyejifunza yoga alipokuwa akifanya kazi kwenye hoteli ya watalii, akamwambia, "Mama, njoo Jumamosi kwenye ukumbi ninaofundishia. Tunanyoosha mwili na kutuliza akili, hakuna ibada pale."

Najim alinuna.

"Mnakaa kimya, mmefumba macho. Sasa hapo mnamwomba nani?"

"Nasikiliza pumzi yangu tu, Baba Iqbal."

"Huwezi kuisikiliza hapa nyumbani?"

"Hapa nakusikia wewe."

Hakumkataza, ila kila Jumamosi aliagwa akaitikia huku ameutazama ukuta.

Siku ya kwanza walilala chali, wakaambiwa wayaache mawazo yapite. Yaliyompitia Hafidha ni sketi ambazo hazijatiwa zipu, kisha usingizi ukamchukua, akakoroma mpaka wenzake wakacheka. Hakuona haya hata kidogo. Hakukumbuka ni lini alipumzika vile mchana kweupe. Taratibu akajifunza kuvuta pumzi mpaka tumboni, na goti likiuma asigombane nalo, bali asubiri lilegee lenyewe.

Kulikuwa na mkao mmoja aliokuwa akiungoja kuliko yote: unapiga magoti, unakalia visigino, unainama mpaka paji la uso liguse chini. Nashipae aliuita mkao wa mtoto. Mwanzoni Hafidha alikwama njiani, akawekewa mito ya kuegemeza kichwa. Ukaondolewa mmoja, baadaye mwingine, hadi Jumamosi moja, Mlima Meru ukiwa wazi dirishani, ukabaki upana wa kidole tu kati ya paji lake na sakafu. Hafidha akaishia hapo. Kisha akainuka, machozi yakimlengalenga.

"Mama, si ilikuwa bado kidogo tu!" alishangaa Nashipae.

"Najua, mwanangu. Hiyo iliyobaki naenda kuimalizia nyumbani."

Jioni Najim akasimama kuswalisha Magharibi. Akasujudu, na nyuma yake kiti hakikulia. Hafidha alikuwa chini, paji la uso limegusa mkeka, na furaha ilimjaa hata maneno yakampotea kwanza, akabaki akipumua. Alipoyapata akayasema, akangoja takbira ya kuinuka. Haikuja. Najim, ambaye huswali kama mtu anayewahi gari, alikuwa bado chini.

Walipotoa salamu, Najim aliinuka. Alikibeba kile kiti, akakitoa nje barazani, akarudi macho yakiwa mekundu.

"Leo umekawia sana kwenye sijida," Hafidha akamwambia.

"Nilikuwa nasikiliza pumzi yako."