Sori Haikandi Unga

Naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, na hasira yake haijanitoka hadi leo. Zamani nilijikasirikia mwenyewe. Tangu jana nakukasirikia na wewe.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nasukuma mkokoteni Kariakoo. Ukipita na mzigo kwenye umati ule unapiga kelele: "Njia! Chunga mgongo!" Kazi yenyewe ni nusu mikono, nusu mdomo. Siku hiyo sikupiga kelele. Nilikuwa nashindana na mwenzangu nani atatangulia kufika kwenye lori. Pembeni mwa barabara alikaa Bi Mwajuma, mjane aliyelea wanawe kwa kukaanga maandazi ya nazi. Gurudumu langu likagonga jiko, karai likapinduka, mafuta ya moto yakamwagikia mkono wake wa kulia.

Unajua nilisema nini? "Sori, mama." Kisha nikaendelea kusukuma! Neno la Kizungu lilikuwa limenikaa mdomoni, nikaona limemaliza kila kitu.

Habari zilimfikia Mzee Shomari, mwenye mikokoteni. Hakunipiga, na afadhali angenipiga.

"Wazungu wana maneno mawili, bwege wewe," aliniambia. "Wana eksikyuzi na wana sori. Eksikyuzi inatangulia, ndiyo hodi yao: napita, nipishe, nisije nikakuumiza. Sori inakuja nyuma, mambo yameshaharibika. Wewe umeokota la nyuma, la mbele umelitupa. Twende!"

Jioni ile alinipeleka Magomeni, nyumbani kwa Bi Mwajuma. Wauzaji wenzake walikuwa wamempeleka hospitali na kumrudisha, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Nikamwamkia, nikarudia sori yangu. Akaniinulia ule mkono uliofungwa.

"Hiyo sori inakanda unga? Inakuna nazi?"

"Atakanda huyu," Mzee Shomari akajibu.

Basi kwa wiki sita nikakaa juu ya mbuzi, mwanamume mzima, nakuna nazi barazani kwa watu. Nikakanda unga huku Bi Mwajuma akinisimamia na kunisuta: "Huo unga au udongo wa kukandikia nyumba?" Kukicha nakwenda Kariakoo, nakaanga palepale nilipomuunguza, na makuli wenzangu wakipita wananiita, "Bi harusi, hebu tupe mawili!" Nilitamani ardhi inimeze.

Mkono ulipona, lakini vidole viwili havikunyooka tena. Siku ya mwisho nilipiga goti nikamwomba radhi.

"Radhi nimekupa, mwanangu, kwa moyo mweupe," alisema. "Mkono nani atanipa?"

Swali hilo ninalo hadi leo.

Ndiyo maana jana damu ilinichemka. Umetoka kichochoroni na pikipiki yako, honi hujapiga, neno hujasema, umemwangusha bibi yako Zaituni wa nyumba ya pili, kisha "Sori, bibi," na huyo umeshafika kona! Leo kiuno kimemkaza, anaswali ameketi. Na nilipokuita nikakuuliza mbona umesema sori bila eksikyuzi, ukanijibu, "Kwani mzee, si zote ni samahani tu?"

Ndiyo, zote ni samahani. Kiswahili chetu kimekupa neno moja la kutumia mara mbili, kabla ya kumgusa mtu na baada ya kumuumiza. Ile ya kwanza umeipeleka wapi? Au ni nzito sana kwenye pikipiki?

Sikiliza, mwanangu, maana maji yakimwagika hayazoleki. Tanguliza hodi. Piga honi, ita, ngoja mtu akupishe, ndipo upite. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usitupe sori huku unaondoka kama anayetupa ganda la ndizi. Zima pikipiki. Rudi. Uliza yule uliyemuumiza alikuwa anafanya kazi gani, uifanye wewe. Najua jino la pembe si dawa ya pengo, lakini usimwachie mwenye pengo ahangaike peke yake.

Bibi Zaituni huteka ndoo mbili za maji kila asubuhi. Leo ziko tupu, ziko barazani kwake, zinakusubiri. Ukifika mlangoni, bisha hodi kwanza.

Haya, nenda. Mwenyezi Mungu akujaalie mdomo unaotangulia magurudumu yako, na akuepushe na swali la Bi Mwajuma. Amina.